Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyumba iliyokuwa ikila ugali kwa mboga kavu, mgeni akibisha hodi huchinjwa jogoo, na watoto wa nyumba nao hupata mchuzi. Ndiyo maana mgeni hufurahiwa. Lakini katika baadhi ya ofisi zetu za umma, hasa zile ziitwazo wakala wa Serikali, methali hii imepinduliwa kichwa chini miguu juu. Akija mkuu mpya, mwenyeji haponi bali huugua. Habari ya uteuzi husikika redioni jioni. Usiku watu hawalali. Asubuhi wafanyakazi hukusanywa ukumbini, wakasimamishwa mbele ya mtu wasiyemjua, naye huwaambia ya kwamba amekuja kufagia. Akiisha kusema huingia garini akaenda zake, na wale waliobaki hutazamana kama watu waliofiwa.

Leo twapenda kuizungumza siku hiyo ya kwanza. Wako watakaosema kwamba hili ni jambo dogo la adabu, lisilostahili kupewa nafasi katika ukurasa huu. Sisi hatukubali. Twashikilia ya kwamba siku mkuu mpya anapokutana na wafanyakazi wake ni siku ya kufunga mapatano ya kazi. Si siku ya vitisho, wala si siku ya pongezi. Mapatano hayo yakiharibika, anayelipa hasara si mkuu peke yake wala karani peke yake, bali ni mwananchi aliye mbali na ukumbi ule, ambaye hata hajui kwamba mkutano ulifanyika.

Tumechagua kuyatazama mambo haya tukiwa tumesimama Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, kwa sababu mbili. Kwanza, kule kosa la ofisi huonekana upesi barabarani. Rungwe ni nchi ya milima na mvua nyingi. Mwezi wa Aprili, wakati wilaya nyingine zikihesabu matone, Rungwe huhesabu madaraja yaliyochukuliwa na maji. Na mvua hiyo ndiyo hiyo inayostawisha chai. Sasa jani la chai likiisha kuchumwa halingoji mtu. Lapaswa kufika kiwandani, Katumba au Mwakaleli, kwa muda wa saa chache tu. Likichelewa huharibika, na jasho la mama aliyeamka alfajiri kuchuma huwa limemwagika bure. Kwa hiyo mkulima wa chai wa Rungwe ajua jambo ambalo baadhi ya wakubwa wa mijini hawalijui: ya kwamba ugomvi wa ofisini una bei, na bei hiyo hupimwa kwa kilo.

Sababu ya pili ni kwamba wenyeji wa Rungwe wameletewa wakuu wapya wa namna nyingi, tena mara nyingi bila kuulizwa. Wajerumani walijenga boma lao Tukuyu wakapaita Neu Langenburg, na mkuu wao wa kwanza alijitambulisha kwa bunduki na kodi. Baada ya Vita Kuu ya kwanza akaja Mwingereza na Bwana Shauri wake, akajitambulisha kwa tarishi na kitabu cha hesabu. Mwaka 1962, baada ya Uhuru, Mabwana Shauri waliondoka na mahali pao pakakaliwa na Wakuu wa Wilaya waliotoka katika TANU, watu waliotembea kwa miguu vijijini kutafuta wanachama. Mwaka 1963 utawala wa machifu ukakoma kisheria. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa nchi nzima, na wakulima waliozoea kumchagua mwenyekiti wao na kumwondoa wakakuta mambo yao mengi yameshikwa na mamlaka za mazao, zenye mameneja walioletwa kutoka nje. Kila mara palikuwa na siku ya kwanza, na kila mara watu waliipima siku hiyo kwa jicho kali kuliko wakubwa walivyodhani.

Walakini kabla ya hao wote, Wanyakyusa walikuwa na utaratibu wao wenyewe wa kumtoa mtawala mpya mbele ya watu. Bibi Monica Wilson, mtaalamu wa mila aliyeishi Rungwe pamoja na mumewe katika miaka ya 1930, na aliyetoa kitabu chake Good Company mwaka 1951, ameueleza utaratibu huo kwa marefu. Waliuita ubusoka, yaani kutoka. Wazee walipoona umri umewaelemea waliikabidhi nchi kwa rika la vijana. Mtawala kijana hakutoka peke yake. Alitoka pamoja na watu wa rika lake, na pamoja na wakuu wa vijiji, ambao walichaguliwa na wazee kutoka miongoni mwa raia wa kawaida wala si kwa sababu ya damu ya kitawala. Moto wa zamani ulizimwa majumbani, ukapekechwa moto mpya, na kila nyumba ikachukua kwake. Miti ilipandwa kuwa kumbukumbu. Hapo watu walijua nani anatawala, anatawala pamoja na nani, na tangu lini.

Tena lilikuwapo jambo kubwa zaidi. Watu wa Rungwe waliamini ya kwamba mkuu aliyewadharau watu wake, aliyekula peke yake na kuwanyima haki, aliweza kupatwa na baridi na homa kwa sababu ya pumzi za watu wake. Manung'uniko yao, yaliyosemwa kwa sauti ya chini usiku, yalimshukia kama ubaridi mwilini. Sisi si waganga, wala hatuwaombi wasomaji wetu waamini ya kwamba meneja mkali ataugua malaria kwa kunong'onwa. Wala hatutaki kurudisha utawala wa machifu. Ulikuwa na kasoro zake, na mojawapo ni kwamba wanawake hawakuwa na kiti katika baraza lile. Lakini hekima iliyomo tunaiona. Wazee wale walitambua ya kwamba cheo hutoka juu, bali nguvu ya kukitumia hutoka kwa watu walio chini yake. Pumzi za wafanyakazi zikimpinga mkuu, ofisi yake huingia baridi: barua hupotea, faili hulala, gari huharibika siku ya safari, na hakuna mtu aliyevunja kanuni hata moja.

Nchi yetu imekwisha kuionja baridi hiyo. Mwezi wa Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo wake, na katika kifungu cha 15 ikawakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwanda walikishika kifungu kile kama mtu aliyetupiwa kamba mtoni. Tangu mwaka 1971 hadi 1973 palizuka migomo na mabishano katika viwanda na mashirika mengi, hata katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, ambako mwaka 1973 wafanyakazi walimkataa mwenye kiwanda wakakishika wenyewe. Waliochunguza migomo ile waliona jambo la kushangaza: mingi haikutokea kwa ajili ya mshahara. Ilitokea kwa sababu ya matusi. Meneja alimwita mtu mzima kwa kidole, alimfukuza kazi fundi mbele ya wenzake kwa sababu ya neno moja, alikataa kukaa na kamati ya wafanyakazi. Watu waliovumilia mshahara mdogo miaka kumi walishindwa kuvumilia dharau ya asubuhi moja. Wenye nyadhifa leo yafaa wakumbuke habari hiyo.

Sasa tuje katika wakala wenyewe, kwa maana wengi huutamka mneno huu bila kujua umetoka wapi. Mwaka 1988, huko Uingereza, serikali ya Bibi Thatcher ilianza kuzitenga baadhi ya kazi za wizara na kuzipa vyombo vyenye mtendaji mkuu wake, bajeti yake na malengo yake ya kutimiza. Fikra hiyo ilienea duniani, na hapa kwetu ikapata Sheria ya Wakala za Serikali Na. 30 ya mwaka 1997. Kusudi lake halikuwa baya. Ilitakiwa kazi ifanywe na watu waijuao, kwa haraka, bila kila msumari kuombewa kibali wizarani. Walakini sheria hiyo ilimfunga mtendaji kwa waliomteua kuliko kwa wale anaofanya kazi nao. Hesabu yake huipeleka juu, kwa Katibu Mkuu na kwa Waziri. Chini yake wako wafanyakazi, na chini zaidi wako wananchi, nao hawana karatasi wanayotia sahihi.

Rungwe ilipokea wageni wawili wa namna hiyo katika muda wa miaka miwili. Mwezi wa Julai 2017 ilizinduliwa TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, nayo ikazichukua barabara zilizokuwa mikononi mwa halmashauri. Mwezi wa Julai 2019 ikaanza kazi RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, kwa nguvu ya Sheria Na. 5 ya mwaka huo. Tukuyu, kama katika wilaya zote, mhandisi aliyelala akiwa mtumishi wa halmashauri aliamka akiwa mtumishi wa wakala. Meza yake ilikuwa ile ile, na mto uliovunja daraja lake ulikuwa ule ule. Bali bwana wake alikuwa mwingine. Jana alimjibu Mkurugenzi wa Halmashauri na madiwani walimhoji katika baraza. Leo anamjibu meneja wa mkoa, na huyo anamjibu mtu aliye Dodoma.

Twaomba ikumbukwe pia hali ya nyakati zile. Tangu mwisho wa mwaka 2015 nchi ilikuwa katika msukosuko wa kusafisha utumishi wa umma. Mwezi wa Novemba wa mwaka huo kaimu mkurugenzi wa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili aliondolewa na bodi ikavunjwa, na wakubwa wa mapato, kisha wa bandari, wakasimamishwa. Tarehe 28 Aprili 2017 Rais Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki wa vyeti, na watumishi 9,932 wakaonekana kuwa na vyeti vya kughushi. Miezi miwili tu baadaye watumishi wa barabara wakaambiwa kwamba wanahamia katika wakala mpya. Je, ni ajabu ikiwa mtu aliyesikia neno "kuhamishwa" alilielewa kuwa ni "kuchekechwa"? Hata yule aliyekuwa na cheti halali na mikono safi alijiuliza kama jina lake limo katika orodha fulani.

Na madiwani nao walikuwa na lao. Diwani ndiye ambaye mwanakijiji humwendea daraja likivunjika. Alipoambiwa kwamba barabara si za halmashauri tena, alijiona kama mwenye nyumba aliyenyang'anywa ufunguo huku wageni wakiendelea kubisha mlangoni kwake. Malalamiko hayo yalisikika katika mabaraza mengi ya nchi na hata Bungeni, ya kwamba mameneja wa wakala hawana budi kujieleza mbele ya halmashauri. Wilaya ya Rungwe ina halmashauri mbili, ya Rungwe na ya Busokelo. Kwa hiyo mahali pa kutoelewana ni pengi zaidi, na haja ya kujuana mapema ni kubwa zaidi. Hatuwalaumu waliobuni wakala. Twasema tu ya kwamba chombo kizuri kikiingizwa nyumbani kwa kuvunja mlango, wenye nyumba watakumbuka mlango kwa muda mrefu kuliko watakavyokumbuka chombo.

Basi tuchukue mfano, tukijua kwamba ni mfano tu wala hatumsemi mtu yeyote. Tuseme mkuu mpya wa wakala fulani amefika Tukuyu kuonana na wafanyakazi. Ni saa nne asubuhi, mvua inanyesha juu ya bati. Watu hamsini wamekaa. Wako mafundi, madereva, wapima ardhi, makarani, na mzee mmoja mlinzi aliyebakiza miaka miwili apate kustaafu. Mkuu anasimama, anasema: "Mimi sina mchezo. Nimesikia habari zenu. Asiyeweza kwenda na kasi yangu, aandike barua leo." Anaangalia saa yake, anauliza kama kuna maswali. Ukumbi unanyamaza. Mkuu anatoka akiamini kwamba ameeleweka.

Hapo ndipo kosa lilipo. Kwanza, amesema kwamba amesikia habari zao. Kutoka kwa nani? Kila mtu sasa anamtazama jirani yake kama mpelelezi. Kwa sentensi moja mkuu amewagawanya watu ambao kesho watatakiwa kubeba nguzo moja. Pili, amewaambia wafuate kasi yake, lakini hakuwaambia wanakwenda wapi. Barabara zipi zitengenezwe kabla ya masika? Fedha zipo kiasi gani? Tatu, amedhani kimya ni ridhaa. Katika ukumbi ule palikuwa na dereva anayedai posho ya safari ya miezi mingi. Palikuwa na mpima aliyehamishwa kutoka wilaya nyingine na hajalipwa gharama za kuhamisha familia yake. Palikuwa na fundi ajuaye ya kwamba karavati moja katika njia ya Mwakaleli litachukuliwa na maji mwaka huu. Wote watatu walinyamaza. Wawili wa kwanza walinyamaza kwa uchungu, wa tatu kwa hofu. Na masika yakija, ni yule fundi ambaye kimya chake kitatugharimu sote.

Tunajua jibu litakalotolewa, na tunalipa heshima yake kwa kuwa lina ukweli ndani yake. Litasemwa hivi: ofisi zetu zina wavivu, zina wezi wa mafuta ya magari, zina watu wanaosaini kitabu cha mahudhurio na kwenda sokoni, maneno matamu hayajengi daraja, mwananchi alifurahi aliposikia wakubwa wazembe wanaondolewa, naye alikuwa na haki ya kufurahi. Naam, yote hayo ni kweli. Mwizi wa mafuta ya gari la maji ni mwizi wa maji ya mtoto wa kijijini, na mkuu asiyemchukulia hatua ni mshirika wake. Hatuombi upole wa namna hiyo.

Lakini ukali na ubwana ni vitu viwili. Ukali ni wa kanuni, nao huwapata wote sawasawa, hata mkuu mwenyewe. Ubwana ni wa mtu, nao hupanda na kushuka kwa hamaki yake. Mkuu mkali husema: gari hili liliandikiwa lita 60, safari ilikuwa ya lita 30, nieleze. Bwana mkubwa husema: ninyi wote ni wezi. Wa kwanza humtia hofu mwizi na kumtia moyo mwaminifu. Wa pili humwudhi mwaminifu, na mwizi hucheka kwa siri, kwa kuwa sasa ameunganishwa na wenziwe wote katika tusi moja. Tena tunayo Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya mwaka 2002, inayotaka mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la nidhamu aelezwe kosa lake na apewe nafasi ya kujitetea. Anayefukuza watu kwa kipaza sauti hafupishi njia; huirefusha, maana kesi hurudi, na Serikali hulipa.

Wala ugonjwa huu wa kupenda makuu si mgeni kwetu, na uongozi wa nchi uliuona mapema. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu Tujisahihishe kwa ajili ya wanachama wa TANU, na mwaka 1963, akiwa Rais, aliwakemea hadharani viongozi waliopenda fahari na shamrashamra za vyeo. Nchi ilikuwa haijatimiza hata miaka miwili ya Uhuru. Ikiwa wale waliotoka gerezani na barabarani walihitaji kuonywa upesi hivyo, sisi wa leo, tulioyakuta magari na viyoyozi, tutasemaje kwamba onyo si letu?

Sasa hatuna budi kuwageukia wafanyakazi, kwa sababu ukurasa huu haukuandikwa kuwasifu. Siku ya kwanza huharibiwa pia na wenyeji. Wako wanaompelekea mkuu mpya majungu kabla hajafungua sanduku lake la nguo. Mmoja humwendea usiku na kusema kwamba fulani alikuwa mtu wa mkuu aliyeondoka. Mwingine humletea mkungu wa ndizi wa Rungwe na ndani ya ndizi ameficha fitina. Wako wanaochanga fedha za sherehe ya kumkaribisha wakati choo cha ofisi hakina maji. Wako wanaomsifu mpaka anaanza kuamini. Kisha wote hao, mkuu akiisha kulewa sifa na fitina, husema: tazameni, ametugeuka. La, ndugu zetu, hakugeuka, mlimgeuza. Mkuu aliyefundishwa unafiki siku ya kwanza asilaumiwe kwa kuutumia siku ya arobaini.

Kadhalika wako waliozoea kumpima kila mkuu mpya kwa subira ya kinyonga: wanasema huyu naye atapita, kama walivyopita wengine, nasi tutabaki. Kazi yao ni kungoja. Mfanyakazi wa namna hii humla mwananchi bila kelele. Mkuu dhalimu huonekana. Mngojaji haonekani, na hudumu zaidi.

Tufanyeje, basi? Tutasema yale tunayoamini yanawezekana hata kesho, bila sheria mpya na bila fedha mpya.

La kwanza, anayemteua mkuu amlete, na akimleta aeleze mbele ya wafanyakazi amemtuma kufanya nini, kwa muda gani, na mipaka ya madaraka yake ni ipi. Mtu asiletwe na redio peke yake.

La pili, makabidhiano yasifanywe na watu wawili nyuma ya mlango. Taarifa ya mkuu anayeondoka isomwe katika mkutano wa wafanyakazi, pamoja na madeni ya ofisi kwa watumishi wake. Mkuu mpya hawezi kulipa kila kitu, na wafanyakazi wanalijua hilo. Lakini deni lililotajwa kwa sauti huwa deni la ofisi. Deni lililofichwa huwa chuki.

La tatu, Baraza la Wafanyakazi liitwe mapema, kabla mkuu hajapanga upya hata kiti kimoja. Mabaraza haya si fadhila ya mtu. Yaliagizwa na Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 kwa mashirika ya umma, na kwa watumishi wa Serikali yanasimama leo juu ya Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma Na. 19 ya mwaka 2003. Katika ofisi nyingi baraza hukutana mara moja kwa mwaka kupitisha bajeti iliyokwisha kupitishwa, watu wakala chakula cha mchana na kurudi makwao. Kama baraza lingekuwa hai, yule fundi mwenye habari ya karavati angekuwa na mahali pa kuisema bila kuonekana mchongezi wala mkaidi.

La nne, safari ya kwanza ya mkuu mpya isiwe ya kwenda kusalimia wakubwa wenzake, bali iwe ya kwenda kazini. Aende Mwakaleli siku ya mvua. Aende Masoko akaone mabomba. Asimame na kibarua ashikaye koleo, amwulize maji yanapita wapi yakizidi. Atajifunza kwa siku moja mambo ambayo hayamo katika faili, na habari ya kwamba alikubali kutia matope viatuni itafika Tukuyu kabla yake.

La tano, ajitambulishe kwa madiwani na kwa viongozi wa vijiji kama ajitambulishavyo kwa watumishi. Nao madiwani, pamoja na viongozi wa Chama wa kata na matawi, wasimfanye mgeni huyo kuwa mlango wa kuingizia jamaa zao kazini. Ni haki yetu kumwuliza meneja habari za daraja. Si haki yetu kumwuliza habari za nafasi ya mpwa wetu.

Na la mwisho ni la wafanyakazi. Siku ya kwanza mpelekeeni mkuu mpya ukweli mkiwa pamoja, mchana, kwa maandishi, pamoja na hesabu. Mwambieni kilichoharibika na mwambieni pia sehemu yenu katika kuharibika kwake. Mkuu mwema atafurahi. Mkuu mbaya atajua kwamba amekutana na watu ambao hawagawanyiki.

Hatudai kwamba mambo haya sita yataondoa kila ugomvi. Mkuu mwenye tabia mbaya atabaki nayo, na mtumishi mvivu hataamka mchapa kazi kwa sababu ya mkutano mmoja. Lakini tunajua kwamba wazee wa Rungwe hawakumkabidhi kijana nchi nzima kwa maneno matupu. Walizima moto wa zamani mbele ya watu wote, wakawasha mpya, na kila nyumba ikachukua kaa lake. Hakuna aliyeweza kusema kwamba hakuwapo. Ofisi zetu zina umeme na hazihitaji kupekecha moto. Zahitaji tu kwamba kila mtumishi atoke katika mkutano ule wa kwanza akiwa na kaa lake mkononi, yaani kazi yake aijuayo, haki yake iliyotajwa, na mkuu anayejua jina lake.

Mvua ya Rungwe haitangoji tupatane. Itanyesha Aprili ijayo juu ya barabara zilizotengenezwa na zile zilizosahauliwa, na gari la chai litapita au litakwama. Likikwama, mkulima hatauliza nani alimtukana nani ukumbini. Atamwaga majani yake kando ya njia, na hasara hiyo itakuwa juu yetu sote, mkuu na mtumishi. Basi mgeni aje, apokewe kwa heshima. Naye aje kwa namna ambayo mwenyeji atapona.